Kabla ya kulipa karo ya sekondari ya kibinafsi Malindi

Mzazi wa Malindi akitujia ofisini, swali lake la kwanza huwa: je, serikali inaweza kunikataza kumpeleka mwanangu shule ya kibinafsi? Haiwezi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inatambua shule za umma na za kibinafsi. Isitoshe, tangu 1972 Kenya imo katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni. Kifungu cha 13 cha mkataba huo kinampa mzazi uhuru wa kuchagua shule isiyo ya serikali, mradi itimize viwango vya chini vilivyowekwa na dola. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika.

Sababu za wazazi wetu nazijua. Wengine wanataka shule inayochanganya masomo ya dini na ya serikali, ili mtoto asiende chuoni (madrasa) jioni akiwa hoi. Wengine hawataki binti alale bweni mbali na kwao. Hakuna anayepaswa kuona haya kwa hilo.

Ila pesa ya serikali haimfuati mtoto huko. Mpango wa kugharamia masomo katika sekondari za kutwa za umma ulianza 2008 kwa shilingi 10,265 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 2018 ukapandishwa hadi 22,244. Shule ya kibinafsi haipati mgao huo, na karo yake ni mapatano yako na mwenye shule. Basi taka karo ya mwaka mzima kwa maandishi: chakula, basi, sare, vitabu, ada ya mtihani. Inaniuma kila ninapoona mtoto akihamishwa muhula wa pili kwa sababu ya malipo ambayo mzazi hakuwahi kuambiwa.

Uchaguzi huu umewahi kuwa na gharama nyingine pia. Mwaka 2011 serikali iligawa nafasi za shule za kitaifa, yaani sekondari za umma zinazochukua wanafunzi kutoka nchi nzima, kwa mafungu mawili: la watoto wa shule za msingi za umma na la wale wa za kibinafsi. Wazazi wa watoto wa shule za kibinafsi walikwenda Mahakama Kuu wakashindwa; mahakama iliona ni halali kuwainua watoto waliosoma katika mazingira duni.

Sasa ukifika shuleni, usianze na rangi ya majengo. Omba kuona cheti cha usajili, kwa kuwa sheria hairuhusu yeyote kutoa elimu ya msingi bila kusajiliwa, na sekondari imo ndani ya elimu hiyo. Soma kimesajili shule ya ngazi gani. Cheti cha shule ya msingi hakitoshi kwa sekondari. Kisha uliza kuhusu walimu: kila anayefundisha nchini, hata wa shule ya kibinafsi, anatakiwa awe amesajiliwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC. Mwisho, uliza watahiniwa wanafanyia mtihani wa taifa wapi. Si kosa shule ndogo kupeleka wanafunzi wake kituo jirani, lakini mzazi ajue mapema, si wiki ya mtihani.

Mwenye shule akikuzungusha juu ya cheti, shika pesa zako na upite ofisi ya elimu ya kaunti ndogo hapo mjini. Taja jina la shule, uulize kama imesajiliwa.