Kalenda mbili za ndege na maua Moshi

Katika kazi yangu ya ikolojia hapa Moshi, huulizwa mara kwa mara kama ndege na maua yanaweza kutuonyesha masika yanapokaribia. Naamini yanaweza, lakini sharti mtazamaji atenganishe kwanza kalenda mbili zinazokwenda sambamba.

Kalenda ya kwanza ni ya wageni. Mbayuwayu wenye koo la rangi ya kutu hufika kutoka Ulaya na Asia kuanzia Septemba, na ifikapo mwisho wa Aprili karibu wote wamekwisha kuondoka, mvua iwe imenyesha au haijanyesha, kwa kuwa safari yao huongozwa na mzunguko wa mwaka uliomo miilini mwao wala si na mawingu ya Kilimanjaro. Wakitua kwenye nyaya za umeme, tazama mikia yao kwa darubini. Mwezi wa Oktoba zile ncha mbili ndefu huwa zimechakaa, pengine zimekatika, kisha wakiwa huku huku kwetu hubadilisha manyoya, hata kufikia Machi ncha zimeota upya, nyembamba na kamili. Mimi huuamini mkia huo kuliko wingi wa ndege.

Kalenda ya pili ni ya wenyeji, nayo hufuata maji. Kweche dume, ndege mdogo ambaye wakati wa ukavu ana rangi ya kahawia kama jike, huvaa wekundu na weusi mvua zinapostawisha nyasi za kujengea kiota. Chini ya vichaka kuna ua jekundu la mviringo ambalo kitunguu chake hulala udongoni miezi mingi. Udongo ukilowa, shina huchomoza, na kichwa kimoja huweza kubeba vijiua hata 200.

Mti wa mwamba-ngoma, wenye maua mekundu, usikupotoshe. Huchanua katika miezi mikavu, matawi yakiwa hayana majani, na ndege waitwao chozi hukusanyika kunyonya nekta, yaani maji matamu ya maua. Wekundu wake hautangazi mvua.

Ukitaka kuanza, chagua njia moja, uipite kila wiki saa ile ile, na uandike pia siku ambayo hukumwona ndege uliyemtafuta, maana bila siku hizo tarehe ya kumwona kwa mara ya kwanza haina uzito. Katika daftari langu safu ya mvua hutangulia, na safu ya kweche huisoma kwa kuhesabu siku tangu udongo ulipolowa.