Je, setilaiti hujuaje kwamba mbuzi wa Turkana wana njaa?

Haijui. Setilaiti haioni mbuzi, inaona rangi. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu wa jua na kurudisha juu mwanga mwingine ambao jicho letu haliuoni. Likinyauka, hali hiyo hubadilika. Ukijani wa sasa hulinganishwa na wa majira kama hayo miaka iliyopita, kisha hupewa alama. Chini ya 35, ukame umeingia. Chini ya 20 ni mkali, chini ya 10 ni wa kupindukia.

Utamu uko kwa kinachofuata. Katika kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, kaskazini mwa Kenya, mpango wa HSNP, wa kutuma pesa kwa kaya zinazokabiliwa na njaa, uliandikisha karibu kaya zote, zenye nacho na zisizo nacho, na kuzifungulia akaunti katika benki ya Equity. Kaya zipatazo 100,000 zilizo maskini zaidi zilitumiwa pesa kila baada ya miezi 2. Nyingine zilikaa na akaunti tupu, zikisubiri siku mbaya. Mwaka 2015 alama ziliporomoka, na maelfu ya hizo nazo zikatumiwa. Mama anakwenda dukani kwa wakala, anaweka kidole kwenye mashine, anahesabiwa noti zake. Hakuna kungoja lori la mahindi, wala kuandikwa majina upya chini ya mti.

Serikali peke yake isingeweza, wala benki peke yake. Mamlaka ya ukame, NDMA, ndiyo inayosoma alama. Uingereza ilichangia fedha pamoja na Kenya. Benki ilileta mawakala. Lakini nadhani siri ni kwamba ubishi ulimalizwa mvua ikiwa bado ipo: nani apate, kwa alama ngapi. Mwaka 2011 tahadhari zilitolewa mapema, misaada ikachelewa, mifugo ikafa watu wakiwa mikutanoni.

Kasoro ipo, na jina lake ni mathenge. Mti huu ulipandwa kuzuia jangwa, ukavamia malisho, nao hubaki kijani hata nyasi zikiisha. Ukiwa angani, kijani ni kijani tu. Ndiyo maana kila mwezi NDMA huuliza pia mashinani: mbuzi anauzwa bei gani, maji yako umbali gani, na ule utepe wa kupimia mkono wa mtoto unasoma ngapi.