Gelatini kwenye karatasi ya kuchapia picha kwa mkono: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wengi wanaoanza kuchapa picha kwa mkono hapa Kampala hudhani kwamba karatasi hupakwa gelatini, yaani protini inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ili iwe imara. Karatasi nzuri ya pamba ni imara tayari. Kazi ya gelatini ni kuziba nafasi zilizo kati ya nyuzi, ili rangi ikae juu badala ya kuzama ndani na kutia madoa sehemu zinazopaswa kubaki nyeupe. Ndiyo maana uchapaji wa gundi ya mgunga na dikromati (kemikali inayoifanya gundi igande ikipigwa na mwanga), ambao hurudiwa tabaka juu ya tabaka, huihitaji mno, ilhali picha za buluu alizobuni John Herschel mwaka 1842 hutoka vizuri bila gelatini kwenye karatasi nyingi za dukani.

Dhana yenye hasara kubwa zaidi ni kwamba gelatini ikishakauka, kazi imekwisha. Gelatini ambayo haikukazwa kwa dawa huvimba katika maji baridi na kuyeyuka katika maji ya moto, kwa hiyo hubanduka pamoja na rangi wakati picha ingali kwenye beseni. Hukazwa kwa formaldehaidi, alumu ya kromu au glioksali. Formaldehaidi hukaza vyema, lakini ni kisababishi cha saratani kinachotambulika, na hakuna picha inayostahili mvuke wake katika chumba cha kupanga chenye dirisha moja. Mimi huchagua glioksali, ambayo nayo hushikwa kwa glavu, mradi karatasi isuuzwe vizuri baadaye, kwa sababu mabaki yake huifanya iwe ya manjano.

Wapo pia wanaoichemsha gelatini ili iyeyuke upesi, na kumbe mchemko huivunja na kuipunguzia nguvu ya kuganda. Inafaa kulowekwa katika maji baridi hadi ivimbe, kisha chombo kiwekwe ndani ya maji ya moto, joto la gelatini yenyewe lisizidi nyuzi 60 za Selsiasi. Gramu 30 hivi kwa lita moja zinatosha. Ikizidi sana, rangi hukosa pa kushika na hubanduka vipande vipande.

Kwa Mwislamu anayesita kwa kuwa gelatini nyingine hutokana na nguruwe, gelatini ya ng'ombe hufanya kazi ileile. Na katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, karatasi zilizopakwa zisirundikwe kabla hazijakauka kabisa, kwani gelatini ni chakula cha ukungu.