Mhusika akibadili jina, nani ajue la zamani?

Kazi yangu ni kutunza seva ya gemu ya kuigiza wahusika mtandaoni hapa Nairobi, na maombi ya kubadili jina huja kila wiki. Mengi hayana utata. Kijana alijipa jina la mzaha akiwa kidato cha pili, leo anaongoza klani (kikundi cha wachezaji) na jina linamtia haya. Huyo nampitisha papo hapo. Yanayonikalisha chini ni ya aina mbili: la binti anayeandamwa na mwanamume asiyesikia neno "sitaki", na la mtu aliyekopa dhahabu ya klani na sasa anatafuta pa kuchomokea. Wote wawili huandika sababu ileile: nataka kuanza upya.

Ndani ya seva, jina ni kibandiko tu. Mhusika mwenyewe ni nambari, na nambari haibadiliki. Hata kisheria hapa Kenya, anayebadili jina kwa hati ya kubadili jina (deed poll) hutangazwa katika Gazeti Rasmi, lakini nambari yake ya kitambulisho hubaki ileile. Kwa hiyo mali, madeni, barua, urafiki na adhabu vyote vinapaswa kufungwa kwenye nambari. Ukiweka orodha ya waliozuiwa kwa majina, msumbufu hana haja ya kuhangaika: anabadili jina leo, kesho yuko mlangoni tena.

Gemu ya Final Fantasy XIV walilishughulikia jambo hili mwaka 2024, katika toleo la Dawntrail. Ukimzuia mhusika mmoja, wahusika wote wa akaunti ile huzuiwa pamoja naye. Wazo zuri kabisa. Tatizo ni kwamba kitambulishi cha akaunti kilifika hadi kwenye kompyuta za wachezaji, na mapema 2025 ikajulikana kuwa kuna programu ya pembeni inayovikusanya na kuonyesha kwamba mhusika huyu na yule ni wa mtu mmoja. Fikiria basi yule binti: amebadili jina, ameunda mhusika mwingine, na bado anaonekana. Ndiyo maana nashikilia kwamba nambari ya akaunti isitoke nje ya seva. Hesabu ya nani amezuiwa na nani ifanyike huko huko ndani, na simu ya mchezaji ipokee jibu tu: mwonyeshe, au mfiche.

Upande wa pili, mwenye deni. EVE Online, iliyoanza 2003, haiuzi huduma ya kubadili jina, na historia ya mashirika, yaani vikundi vya wachezaji, ambayo mhusika amepitia husomwa na yeyote. Katika gemu ambayo usaliti ni sehemu ya mchezo, naona inafaa. Kwetu ingeumiza watu. RuneScape wana njia ya katikati ninayoipenda zaidi: rafiki akibadili jina, orodha yako ya marafiki hukuonyesha alivyoitwa kabla. Mimi humwonyesha jina la zamani na kiongozi wa klani pia, kwa muda maalum, na sipitishi jina jipya kama kuna mkopo au mauzo yaliyo wazi kwenye mfumo. Lipa kwanza.

Jina la zamani nalo lisiachwe wazi kwa atakayewahi. Liweke kando muda mrefu, la sivyo tapeli atalivaa na kuwaomba marafiki wa mwenyewe dhahabu. Na chunga yanayofanana. Imani yenye I kubwa na lmani yenye l ndogo huonekana sawasawa kwenye simu nyingi, na herufi а ya Kirusi huwezi kuitofautisha na a yetu kwa macho. Unicode, shirika la viwango vya herufi za kompyuta, wana kiwango cha kutambua herufi za namna hii, UTS 39; pitisha kila jina jipya humo kabla ya kulikubali.

Kwa wachezaji wa World of Warcraft, ambako huduma ya kulipia kubadili jina ilianza 2007, kero ni nyingine: ukiingia na jina jipya, viongezi vyako (programu ndogo za kuongeza kwenye gemu) vinaonekana kama vimesahau kila kitu. Havijasahau. Mipangilio iko ndani ya folda ya WTF, na kila mhusika ana folda yenye jina lake, kwa hiyo gemu imekutengenezea mpya tupu. Funga gemu, ondoa hiyo tupu, kisha ipe folda ya zamani jina jipya, herufi kwa herufi. Viongezi vingine huandika jina ndani ya faili la akaunti; hivyo utavichagulia wasifu wa zamani kwenye menyu zake.

Narudi kwa ombi la binti, kwa sababu kanuni ya marafiki humgeuka. Anayemwandama mara nyingi yumo kwenye orodha yake ya marafiki, au ndiye kiongozi wa klani. Kwa maombi ya namna hii nazima onyesho la jina la zamani kwa kila mtu, namtoa kwenye klani kimya kimya, nafuta orodha ya marafiki pande zote mbili na kumwachia aongeze upya anaowataka. Sidai ushahidi wa picha za skrini. Naangalia deni tu, na kama hana, jina jipya linakuwa lake siku hiyo hiyo.