Kwa nini Wi-Fi inakubali kwenye Windows, inagoma kwenye Linux?

Kompyuta ni ile ile, kadi ya Wi-Fi ni ile ile, ruta haijasogezwa hata inchi moja. Ukiingia Windows, intaneti ipo. Ukiingia Linux, huoni mtandao hata mmoja. Wengi hapo huamua kwamba kadi imekufa. Lakini kadi iliyokufa haichagui mfumo endeshi, ingegoma kotekote.

Je, wajua kuwa kadi hiyo nayo ni kompyuta ndogo? Ina prosesa na kumbukumbu yake, ila nyingi husahau kila kitu umeme ukikatika. Kila unapowasha mashine, draiva (programu inayouwezesha mfumo endeshi kuitumia kadi) huipakia upya programu ya ndani ya kadi hiyo, yaani fimwea. Windows ina draiva yake, Linux ina yake, na hazirithishani chochote.

Kwenye Linux, draiva mara nyingi imo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, lakini faili la fimwea huja kando. Kwa miaka mingi Debian, mojawapo ya aina za Linux, haikuliweka kwenye diski yake rasmi ya usakinishaji, kwa kuwa fimwea nyingi si programu huria. Ilibadili msimamo katika toleo la 12, mwaka 2023. Wenye kadi za kampuni ya Broadcom wanaujua usumbufu huo vizuri. Endesha amri ya <code>dmesg</code>: huonyesha ujumbe wa kerneli, na faili likikosekana, kwa kawaida utalikuta limetajwa humo kwa jina.

Kinachochanganya zaidi ni hiki: jana Wi-Fi ilifanya kazi kwenye Linux, leo imegoma, na katikati ulipitia Windows tu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima si kuzima kweli. Windows huhifadhi kerneli na hali ya draiva zake kwenye diski ili kesho iamke haraka, na kadi inaweza kuachwa katika hali ambayo draiva ya Linux inashindwa kuiamsha. Ni kama mpangaji aliyehama na funguo mfukoni. Shikilia kitufe cha Shift unapobonyeza kuzima, au uondoe kabisa uwashaji huo wa haraka (Fast Startup) katika mipangilio ya umeme. Cha kuchekesha, kuwasha upya hakutumii njia hiyo ya mkato, kwa hiyo huifunga Windows kikamilifu kuliko kuizima.

Kabla ya kufungua mashine kwa bisibisi, jaribu pia amri ya <code>rfkill list</code>. Huenda redio ya kadi imezimwa kwa kitufe tu.

Na ikiwa mitandao ya jirani inaonekana ila wako tu haupo, tazama chaneli ya ruta, yaani masafa inayorushia mtandao. Chaneli 12 na 13 zinaruhusiwa katika nchi nyingi, lakini si kawaida kutumika Marekani. Mfumo mmoja ukidhani uko Marekani, huenda usisikilize huko kabisa, huku mwingine ukiunganisha bila shida. Hamishia ruta kwenye chaneli 1, 6 au 11, kisha utafute mtandao tena.