Hapana, Sikurekodi Bunduki

Kazi yangu ni kutengeneza milio ya silaha kwa ajili ya michezo ya video, na wiki iliyopita niliulizwa tena. Safari hii muulizaji alikuwa kijana anayetengeneza mchezo wake wa kwanza wa simu, mwerevu na mwenye adabu, aliyeanza kwa salamu ndefu kabla ya kufika kwenye swali ambalo nimelizoea kiasi kwamba nalitambua likiwa bado njiani: "Kaka, hizi sauti zako ni nzuri, lakini si za kweli. Nikitaka za kweli, nitapata wapi bunduki ya kurekodi?" Nilimjibu kwa upole. Upole huo umekwisha, na yaliyobaki nayaandika hapa.

Anayeuliza hivyo anaamini kwamba ndani ya bunduki mna sauti moja iliyokamilika, na kwamba kazi yangu ni kuikinga kwa maikrofoni kama mtu anayekinga maji bombani. Hakuna sauti ya namna hiyo. Mlipuko unaotoka mdomoni mwa mtutu hudumu milisekunde 3 hadi 5 tu, na karibu na mtutu wa bunduki kubwa kilele chake hufikia takriban desibeli 160, ilhali maikrofoni nyingi ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzimudu huwa zimekwisha kuzidiwa muda mrefu kabla ya hapo. Kinachobaki kwenye faili ni mchapo mkavu, mfupi, uliokatwa kilele. Ukiusikiliza bila kuambiwa ni nini, utadhani mtu ameangusha ubao sakafuni. Wala usinijie na habari za kinasa sauti cha biti 32. Kinasa hicho huzuia sauti isipasuke ndani yake chenyewe, lakini kiwambo cha maikrofoni kilichokwisha kuzidiwa hakiokolewi na hesabu zinazofanyika baadaye. Wanaorekodi silaha halisi kwa ajili ya studio kubwa hutega maikrofoni nyingi, za karibu na za mbali, na wakirudi mezani huzichanganya, huzikata, na aghalabu huzipachikia vitu ambavyo havikuwamo kabisa kwenye ile bunduki. Kwa hiyo hata hiyo "ya kweli" anayoitaka kijana wangu ni sauti iliyopikwa. Tofauti yetu ni viungo.

Mlio wa bunduki katika mchezo una tabaka nne: pigo, yaani mchapo wa mwanzo; kiwiliwili, yaani uzito wake; mtambo; na mkia, yaani miangwi inayofuata. Tatu za kwanza nitazipitia haraka kwa sababu hazinikoseshi usingizi. Pigo langu ni mkanda wa ngozi uliokunjwa mara mbili na kuvutwa ghafla hadi nusu zake zikachapana, sentimita 30 kutoka kwenye maikrofoni. Kiwiliwili ni dumu tupu la lita 20 lililopigwa kwa ngumi iliyofungwa taulo, na kwa silaha nzito ni tangi la maji la plastiki la lita 1000, ambalo nililigonga kwa mchi siku liliponunuliwa, kabla fundi hajalipandisha juu ya mnara wake. Mtambo, yaani kukoki, kupachika magazini na bolti kurudi, hutoka kwenye komeo la mlango, stepla ya ofisini na droo ya kabati la chuma la kuhifadhia faili. Hurekodi kati ya saa nane na saa kumi usiku, bodaboda zikiwa zimelala na majogoo hayajaamka, godoro likiwa limeegemezwa ukutani. Fataki, baruti na mitungi ya gesi havihusiki hata kidogo. Anayevitumia anahatarisha vidole na masikio yake, na majirani wakimwitia polisi watakuwa na haki.

Sasa mkia, maana hapa ndipo kila mtu anapoharibu. Kinachoifanya bunduki isikike kama bunduki, kwa sehemu kubwa, ni mahali ilipopigwa. Risasi ikipigwa katikati ya shamba la mkonge lililo wazi, utasikia mchapo na halafu karibu kimya. Ikipigwa kwenye kichochoro cha nyumba za tofali, sauti hiyohiyo itagonga kuta na mabati, itarudi vipande vipande, na ndipo moyo wa msikilizaji utakaposhtuka. Ukuta ulio umbali wa mita 50 hurudisha mwangwi baada ya takriban sehemu tatu za kumi za sekunde, kwa kuwa sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde na lazima iende na kurudi. Ukuta wa mita 80 hurudisha wake baadaye kidogo, ukiwa hafifu zaidi na mzito zaidi, kwa sababu hewa humeza masafa ya juu (sauti nyembamba) kabla ya kumeza ya chini (sauti nzito). Miangwi hiyo haipangiki vizuri. Ina mapengo, ina vinundu, na hakuna mmoja unaofanana na mwenzake.

Kijana wangu alichofanya, kama wanavyofanya wote, ni kufungua programu, kuchagua mwangwi uliotengenezwa tayari wenye jina la ukumbi mkubwa, na kuumimina juu ya mlio wake. Mwangwi wa ukumbi ni laini, umesambaa sawasawa, na umekusudiwa kwaya. Matokeo yake ni askari anayepigana barabarani huku bunduki yake ikiwa kanisani, na mchezaji, ambaye hajui neno hata moja la ufundi huu, anahisi kwamba kuna kitu cha uongo. Halafu lawama inaangukia mkanda wangu! Mkanda hauna kosa.

Mkia wangu nautafuta kwa mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba, kila moja ikiwa na mpini, ambazo nikizichapa pamoja hutoa mpasuko mkali na mfupi. Nimezichapa ndani ya ghala tupu la mkonge, kwenye kichochoro, chini ya daraja, na kwenye bonde lenye miamba upande mmoja tu. Kila mahali huchapa mara 15 au 20, kwa sababu nusu yake itaharibiwa na upepo, kunguru, au mtoto anayekuja kuuliza ninafanya nini. Nikifika nyumbani hukata ule mpasuko wenyewe na kubaki na yale yaliyorudi baada yake. Kwa kuwa mbao ndogo hazina masafa ya chini, huushusha mkia huo uwe mzito zaidi, kwa nusu oktava hivi, na ndipo ghala linapoanza kuwa kubwa na la kutisha. Kumbuka kwamba ninachoshusha ni mkia tu. Wengi hushusha mlio mzima wakidhani kwamba sauti nzito ndiyo sauti kubwa, kumbe kuushusha kwa njia hiyo kunaurefusha pia, lile pigo la mwanzo linakuwa butu, na bunduki inageuka mlango wa gari.

Kosa la pili kuhusu mkia ni la hesabu. Bunduki inayopiga risasi 600 kwa dakika hutoa risasi 10 kila sekunde. Ukiwa umeunganisha mkia wa sekunde 2 kwenye kila mlio, basi mchezaji akishikilia kidole chake, mikia 20 itakuwa inalia kwa pamoja. Kwenye simu ya bei nafuu injini ya mchezo, yaani programu inayouendesha, itaanza kuzinyamazisha sauti nyingine ili ipate nafasi, na utashangaa nyayo za adui zimepotelea wapi. Mkia uwe faili ya peke yake, na ulie mara moja tu, kidole kinapoachia. Pigo nalo liwe na matoleo matano au sita yanayobadilishana bila mpango, vinginevyo bunduki yako ni cherehani. Jambo hili lingeokoa nusu ya michezo ninayotumiwa kuisikiliza, na sijui nifanye nini zaidi ili lisikike.

Imani hiyohiyo ya "sauti ya kweli" huja pia kwa kugeuzwa ndani nje, nayo huniudhi zaidi. Mteja mmoja, ambaye sitamtaja, aliniagiza sauti ya sime ikichomolewa kwa mchezo wenye wahusika Wamaasai. Ala ya sime ni ya mbao iliyovikwa ngozi. Chuma kikitoka kwenye ngozi hakilii. Hukwaruza kwa upole, kama mkanda unaotolewa kwenye vitanzi vya suruali, na ndivyo nilivyorekodi, kwa kisu kirefu na mkoba wa zamani wa ngozi. Faili ilirudishwa kwa sentensi moja: "Haisikiki kama ya kweli, weka ule mlio wa chuma." Mlio anaoutaka ni ule wa shiiing wa kwenye sinema, ambao mimi huutengeneza kwa kupitisha mgongo wa panga kwenye kingo ya sufuria nzito. Mtu huyohuyo, mwezi mmoja kabla, alikuwa ameniuliza kwa nini bunduki zangu si za kweli.

Nilimwekea. Niliuweka kwa sauti ya chini, nyuma ya ngozi, na ninakiri kwamba nilipoisikiliza ndani ya mchezo ilipendeza kuliko ile ya mwanzo. Jambo hilo linanisumbua hadi leo. Nimesikia bunduki halisi mara chache, tena kwa mbali, na kila ninapokaa mezani kuamua kama mlio "umekaa sawa", ninayemsikiliza ndani ya kichwa changu ni yule mtoto aliyekulia kwenye mabanda ya video. Huenda sote wawili, mimi na mteja, tunanakili sinema zilezile, ila mimi nina maneno mengi zaidi ya kujitetea. Na ikiwa nitaendelea kutengeneza sime zinazolia kama sufuria, mtoto wa leo atakuja kuniambia kesho kwamba ngozi si ya kweli, naye atakuwa amefundishwa na mimi.

Kwa silaha ambazo hazikuwahi kuwapo, ugomvi huu haupo, na ndiyo maana nazipenda. Bastola za miale za filamu ya Star Wars ya 1977 zilitokana na Ben Burtt, mbunifu wa sauti zake, kugonga kwa nyundo waya unaoshikilia mnara wa redio. Katika waya mrefu uliokazwa masafa ya juu hufika kabla ya yale ya chini, na sikio husikia "piyuu" inayoporomoka. Waya wa kuanikia nguo uliokazwa vizuri nao hufanya hivyo kwa kiasi chake, mradi ubandike kwenye waya wenyewe kile kidude cha piezo, kinachonasa mtetemo, kinachopatikana ndani ya kengele za bei nafuu. Hewani hutasikia kitu cha maana.

Neno moja kuhusu simu, maana wachezaji wetu wengi wako huko. Spika ya simu haitoi chochote cha maana kwenye masafa ya chini kama hezi 50, kwa hiyo ule uzito wa dumu uliousikia kwenye hedifoni hautafika. Usiongeze besi. Kwaruza kidogo, ndani ya programu, lile tabaka la chini la dumu hadi lizae masafa yaliyo juu yake, ya hezi 200, 300 na kuendelea, na sikio litajijazia lenyewe sehemu isiyokuwapo. Huwa ninamaliza kila mlio kwa kuusikiliza kwenye simu iliyolazwa kifudifudi juu ya meza, jambo ambalo limeniaibisha mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Kwa sasa nina gobore mezani, la mchezo unaohusu misafara ya karne ya 19, na silipati. Shida si mlipuko wake. Ni kile kitambo kifupi kati ya jiwe la gumegume kugonga chuma na baruti kuu kuwaka, ambapo unga wa kichwani, yaani baruti kidogo ya kuwashia iliyo nje ya mtutu, hutoa mchuruziko wa moto usiofika hata nusu sekunde. Nimejaribu kiberiti, nikapata kiberiti. Nimejaribu mchele ukimiminwa kwenye ungo, nikapata mvua. Kinachokaribia mpaka leo ni chumvi ya mawe ikipasuka juu ya kikaango cha moto, maikrofoni ikiwa imeinuliwa juu ya moshi, na jikoni sasa nimepewa hadi Ijumaa.