Programu za simu za chekechea: dhana tunazozibeba na ukweli wake

"Kwenye duka la programu za simu imewekwa kundi la Elimu, kwa hiyo wataalamu wameikagua."

Kundi hilo huchaguliwa na mtengenezaji mwenyewe. Duka lina masharti yake, lakini kuwekwa kwenye kundi hilo hakuthibitishi kwamba mtoto atajifunza chochote. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walichambua programu 124 za watoto wadogo zinazojiita za elimu, na zaidi ya nusu zilipata alama za chini. Waliangalia mambo manne: kama mtoto anafikiri au anagusagusa tu, kama umakini wake unalindwa, kama somo lina uhusiano na maisha yake, na kama linamfanya azungumze na watu.

"Ametulia nayo nusu saa nzima, basi anajifunza."

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, maana wazazi wengi wanaiamini kwa nia njema kabisa. Kabla ya kumpa mtoto simu, shika wewe. Picha ya bata imetokea na herufi tatu chini yake, uchague inayoanza jina lake. Kosea makusudi. Programu dhaifu italia "tii!" kisha itaziacha herufi palepale, mtoto atagusa moja baada ya nyingine mpaka fataki zilipuke na sauti iseme hongera. Amevuka hatua, herufi b haijui. Programu iliyofikiriwa vizuri ikiona kosa hurudia sauti taratibu, hupunguza machaguo, na baadaye huirudisha b ile ile ikiwa na picha ya bakuli.

Angalia pia yanayomkatiza. Maputo yanayopasuka katikati ya kuhesabu hayamfundishi kuhesabu. Tangazo nalo, mtoto wa miaka minne mara nyingi hawezi kulitofautisha na mchezo, ataligusa tu.

"Ya Kiingereza ndiyo bora."

Mwalimu wa awali anafundisha a, e, i, o, u. Nyumbani programu inamwambia mtoto huyo huyo kwamba a ni "ei", e ni "ii", na i ni "ai". Herufi ambayo darasani ni e, kwenye simu inasikika kama i. Kiingereza atakisoma, ila si kwa kuvurugiwa sauti anazoanza nazo kusoma.

Wanaodhani Kiswahili hakiwezi kazi hii watazame Tanga. Shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE lilijaribu programu za Kiswahili kwenye vishikwambi katika vijiji takriban 170 vya mkoa huo. Watoto hao walikuwa wakubwa kuliko wa chekechea, na wengi hawakuwa wamewahi kukaa darasani. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 timu mbili zilizotengeneza programu hizo, onebillion na Kitkit School, zilitangazwa washindi.

"Nikishapata programu nzuri, mtoto ajifunze mwenyewe."

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Kaa naye. Akimaliza kuhesabu samaki wa kwenye simu, mwambie akuletee vijiko vitano kutoka jikoni. Akileta vitatu, jueni pamoja vimepungua vingapi. Hapo ndipo utakapojua kama programu ile imemfundisha kuhesabu.